Papa, Selo Yetu Ilikuwa na Mguu

Kwako Papa, baba yangu uliyeniachia selo, fidla yetu kubwa kama mtu,

Ninakuandikia huku mkono wangu wa kushoto umelala juu ya meza, kiganja kikitazama dari, kama nilivyoagizwa. Mkono umepewa ruhusa ya kukaa bure. Wewe ungeuona ungesema ni mvivu. Kwa muda mrefu kila nilipoutazama niliona mkono wako: kidole gumba kimejikunja ndani, vidole viwili vya mwisho vimeinama na kukataa kunyooka. Nimekuwa nikitembea na mkono wa marehemu, Papa, na nimechoka kuogopa.

Hata watu wa hapa Kamembe wanakuona ndani yangu. Nikifanya mazoezi jioni dirisha likiwa wazi, wapita njia husimama. Siku moja mama anayetuuzia sambaza aliingia hadi uani, beseni la samaki kichwani, akabaki ameduwaa mlangoni aliponikuta mimi kwenye kiti. Alisema, “Nimesikia Mzee anapiga, nikasahau kama alishakufaka.” Nilicheka ili nimtoe aibu. Alipoondoka niligundua kwamba nilikuwa nimeinama kama wewe, bega la kushoto chini, shingo mbele, na nimezuia pumzi kama ulivyoizuia kwenye sehemu ngumu kisha ukaitoa yote kwa pua. Sikumbuki ukinifundisha hilo la pumzi. Limeingia lenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa uliponikalisha mara ya kwanza kwenye kile kiti kifupi. Ulikikata miguu mwenyewe kwa msumeno, ukakilainisha kwa kipande cha chupa, na hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kukikalia, hata wageni. Selo ilisimama sakafuni katikati ya miguu yangu, nami niliibana kwa magoti isiteleze. Iliteleza hata hivyo. Ulisimama nyuma yangu, mkono mmoja ukikandamiza bega langu, mwingine ukikibana kidole gumba changu kwenye shingo ya selo mpaka ukucha ukawa mweupe. “Bana muzuri,” ulisema. “Ukilegeza, anaanguka.” Uliiita “anaanguka”, kana kwamba ni mtu. Nami nilimbana mtu huyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikupenda na nilitaka uniambie, “Vizuri.”

Mapaja yaliuma, mgongo ukauma, na kile kidole kiliuma hadi nikishika kijiko. Nilikuonyesha. Ulikishika, ukakitazama kwa furaha kabisa, ukasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: “Kama haiumi, bado haujapiga.” Ulisema ndivyo ulivyofundishwa kule Bukavu, utotoni, na yule padri mzee aliyekuachia selo aliporudi kwao. Ulisema wapigaji wa kweli, wale wa zamani, waliishika kwa miguu tu. Wanakwaya walipouliza mbona kwenye picha selo nyingine zina fimbo ya chuma chini, hiyo inayoitwa pike, uliwacheka. Pike ni ya wavivu, uliwaambia. Nami nilijivuna shuleni kwamba Papa wangu si mvivu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, Papa. Nilisikia kila neno, na angalia nilivyovunjika.

Mkono wako ulianza kufunga nikiwa sekondari. Kwanza ulilalamika baridi ya ziwa. Halafu ukaanza kujipaka ile dawa ya mentoli kabla ya misa, na kanisa zima likajua kwamba utapiga kwa sababu harufu ilikutangulia mlangoni. Halafu ukaacha kufunga vifungo vya shati. Maman alikuwa sokoni asubuhi za Jumapili, kwa hiyo nilikufungia mimi, nawe ulitazama ukutani huku ukinieleza habari za mvua. Hatukuwahi kusema lolote juu ya mkono. Ulipoacha kupiga ulisema selo ndiyo imechoka, inahitaji damu changa, na ukanipa. Nilikuamini kwa kuwa nilitaka kuipata.

Hospitali, ile wiki ya mwisho, moyo ndio uliokushinda, wala si mkono. Lakini nilichokiona ni mkono. Ulikuwa umesinzia, na vidole vyako vya kushoto vilikuwa vikitafuta sauti juu ya blanketi, vimekakamaa, na kidole gumba kilikuwa chini ya pindo la shuka, kinabana. Hata pale, Papa, hakukuwa na kitu cha kubana nawe ulibana. Maman aliuona akaufunika kwa kitenge chake. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja.

Nadhani tangu siku ile hukuondoka kabisa.

Baada ya mwaka tuliondoa matanga. Unajua desturi ya kwenu: wazee wakishamaliza kusema, aliyeachwa anakalishwa mahali pa marehemu ili watu wamwone na mahali pasibaki wazi. Wengine hupewa fimbo na kofia. Kwa kuwa wewe hukuwa na ng'ombe wala fimbo, na hukuzaa mwingine ila mimi, Shangazi Vumilia alikwenda chumbani akatoka na kile kiti kifupi amekibeba kwa mikono miwili. Wajomba walinung'unika kidogo kwamba mwanamke hakalishwi. Shangazi, dada yako unamjua, aliwatazama mmoja mmoja wakanyamaza. Akaniambia, “Ikala, mwana wanjye. Hii ni ya Papa yako. Usiiache hata siku moja.” Nikakaa mbele ya watu wote, wakaniletea selo, nikapiga. Na palepale nilihisi mkono begani mwangu, unakandamiza. Nilidhani ni wa Shangazi. Alikuwa amesimama mbele yangu, analia.

Tangu hapo ulikuja kila nilipokaa. Sikukuogopa mwanzoni. Ilikuwa faraja, nikwambie ukweli. Nilitoka dukani nimechoka, nimeshinda napima mchele wa Bugarama, nikakaa kwenye kiti chako, maumivu yakaanza begani, yakashuka kwenye kiwiko, yakafika kidoleni, na yalipofika hapo nilijua umefika. Wengine huenda makaburini. Mimi nilikuwa nabana tu.

Halafu siku moja kule Bugarama, kwenye kinu cha kukoboa mpunga, nilichota mchele nipime ukavu wake. Unajua sisi hatuhitaji mashine. Unasugua punje kati ya vidole, zinakwambia. Nilisugua. Hazikuniambia kitu. Nilizitazama zikianguka kutoka mkononi mwangu na sikuzihisi zikitoka. Nilibadilisha mkono haraka, nikamwambia mwenye kinu mchele ni mzuri, nikapanda gari kurudi Kamembe nikiwa nimeuficha mkono ndani ya mfuko wa sweta, kwenye joto lile la bondeni. Kando yangu mtu aliuliza kama naumwa malaria. Nilikubali.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikumbuka vifungo vya shati lako na nikaenda hospitalini Gihundwe kumwona kine, mama mmoja wa Bukavu ambaye kazi yake ni kunyoosha watu waliovunjika na waliokaa vibaya. Aliuminya mkono, akaugonga, akanichoma kwa ncha ya kalamu. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nauza mchele. Akasema mchele haufanyi hivi. Ndipo nikamtajia selo, naye kwa kuwa hakuwahi kuiona kwa karibu akaniambia niilete, na kiti nilete.

Nilikwenda nayo kwa moto, pikipiki ya abiria, nimeikumbatia selo, kiti kimefungwa nyuma, dereva akitukana mashimo. Nilikaa katikati ya chumba chake nikapiga kipande chepesi, ule wimbo wa kuingilia misa. Alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi. Mwishowe aliinua mkono wake, nikaacha.

“Hii kintu,” alisema, “nani anaibebaka?”

Nikamwambia magoti. Akatikisa kichwa, akaniambia nikiondoe kidole gumba kwenye shingo, nisiguse. Nilikiondoa. Selo iliteleza ikainamia paja, na mimi mwili mzima ukaruka kuidaka. Alinisubiri niisimamishe tena. “Umeona? Hii kidole haiko inapiga muziki. Iko inabeba. Na ukiendelea hivi, hii mukono itafunga, na ikishafunga haifunguke tena.”

Kisha aliinama, akaigeuza selo kichwa chini miguu juu kama mtoto mchanga, akagusa kile kizibo cha mti chini yake, kile ulichokipaka rangi ya kahawia. Akaniuliza lile shimo lilikuwa la nini. Nilisema si shimo. Alinitazama kwa huruma. Papa, nilikuwa nimekaa na selo ile miaka ishirini na kitu na sikuwahi kuuliza kizibo kile kinaziba nini.

Nilimkuta Maman uani anachambua maharage. Nilimweleza. Hakushtuka, aliendelea kuchambua, akaweka kando mawe mawili, ndipo akanihadithia. Mwaka tuliporudi kutoka Bukavu, siku ya kuvuka mpaka wa nchi, foleni ilikuwa ndefu mpaka mbali na daraja. Ulikuwa umebeba selo mgongoni ndani ya shuka. Mtu mmoja mbele yenu alisema kwamba mwenye chuma chenye ncha anatolewa kwenye mstari kama mwenye silaha. Yalikuwa ni maneno ya foleni tu, hakuna aliyejua yalikotoka. Uliketi kando ya barabara, ukaichomoa pike, ukaitupa kwenye migomba kwa nguvu zako zote. Mlipofika mbele, askari aliifungua shuka, akauliza kama hiyo ni guitare ya jitu, akacheka, mkapita.

“Alikuwaka na woga,” Maman alisema. “Alitetemeka mpaka nikamushika mukono. Na wewe ulikuwa mugongoni mwangu.”

Alisema ulipofika ng'ambo uliona haya hadi hukula. Kesho yake ukataka kurudi kuitafuta, wakakukataza. Jumapili iliyofuata watu wa kwaya walikuuliza mbona selo haina mguu, nawe ukawajibu lile la wapigaji wa zamani. Lilikuwa jibu la siku moja. Ulilikalia maisha yako yote. Maman aliwahi kukuambia fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nyingine kwa nusu saa, nawe hukusema naye siku mbili.

Nilikukasirikia, Papa. Sijawahi kukukasirikia ukiwa hai, kwa hiyo nilikuwa na akiba. Nilikasirika kwa mkono wako na kwa wangu, kwa vile vifungo, kwa kile kicheko chako juu ya wavivu. Nilisema kwa sauti, mbele ya Maman na maharage yake, kwamba ulinirithisha woga ukaniambia ni sheria. Maman hakukutetea. Alisema tu kwamba mwanaume asingetetemeka vile kwa ajili ya selo. Ilinichukua siku kadhaa kulimeza hilo. Sehemu yake bado imekwama.

Nilikwenda kwa fundi. Alikata nondo nyembamba, akaichonga ncha, akaisukuma kwenye tundu baada ya kung'oa kizibo chako, na ile skrubu ya zamani, Papa, ilikuwa bado imo ndani, ikaishika barabara. Nusu saa haikufika. Nilikaa pale karakana kati ya mageti nikalia, fundi akadhani ameharibu kitu.

Sasa nikueleze ninavyokaa, maana najua utauliza, hata kwa kubisha. Nakaa kwenye kiti cha meza ya kulia, cha kawaida, mapaja yakishuka kidogo kuelekea magotini, nyayo zote sakafuni. Pike inasimama juu ya kipande cha tairi la zamani ili isiteleze kwenye simenti. Selo inaegemea mfupa wa kifua changu, magoti yanaigusa tu, kama watu waliokaa pamoja kwenye benchi la kanisa. Kidole gumba kipo nyuma ya shingo lakini hakina kazi. Kine ananiambia nikiondoe kila baada ya mistari miwili nione kama kitu kitaanguka. Hakianguki kitu. Uzito unatoka begani, mkono unaning'inia kwenye uzi badala ya kuukaba. Kabla sijaanza naloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Nikihisi ganzi hata kidogo, nasimama, natoka uani, natazama ziwa mpaka iishe. Haya ndiyo mambo ambayo yangekuokoa, na yanaenea kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Shangazi Vumilia aligundua. Alikuja na ndizi, akakiona kiti chako kimewekwa kando ya kabati, na kitambaa juu yake, na kopo la maua. Hakuketi. Aliniuliza kama nimekataa kiti cha Papa yangu, akasema kuwa wazee walioniona nikikalishwa, wengine bado wako hai. Nilijaribu kumweleza mambo ya pike na mishipa, hakuyataka. Mwishowe nilinyoosha mkono wangu mbele yake, jinsi ulivyo. Aliushika. Aliugeuza upande huu na ule. Yeye ndiye aliyekuosha siku ulipokufa, alikuwa ameushika ule wako. Alikaa kitako kwenye mkeka, akauweka mapajani mwake, akaanza kuunyoosha kidole kimoja kimoja, polepole. Alipoondoka alisema nisimwonyeshe mtu mwingine wa ukoo kabla haujapona.

Lakini si hilo nililotaka kukuandikia. Wa ukoo watasema, watachoka.

Wiki sita za kwanza nilipiga vibaya kama mtoto. Bega lilikuwa linapanda lenyewe, kidole kinarudi kubana, na kila kiliporudi nilihisi uko nyuma yangu umeridhika. Nilibishana nawe kwa sauti. Maman alinisikia kutoka jikoni akawasha redio. Kuna siku nilibana kwa makusudi, Papa, dakika tano nzima, kwa kuwa ilikuwa siku ya kufa kwako na nilikutaka. Ulikuja. Mkono ulilala ganzi mpaka asubuhi, na sikumwambia kine.

Jumamosi hii iliyopita nilipiga ule wimbo wa kuingilia, wote, kisha ule wa matoleo, kisha kipande kirefu ulichokuwa ukikipenda na ambacho hukuwahi kukimaliza bila kusimama kuukunjua mkono. Nilikimaliza. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ninayoijua, ilijaa chumba, vikombe kabatini vikaitikia. Nilisubiri bega liume. Nilisubiri kiwiko. Niliangalia kidole gumba, kilikuwa pale, kimelegea, chekundu, cha moto, changu. Hakuna kilichouma. Nikageuka nyuma kukuonyesha.

Hukuwepo. Siyo kwamba ulikuwa umenyamaza, nakujua ukinyamaza. Chumba kilikuwa na mimi peke yangu. Nilikaa na selo kifuani nikajua kwamba ndiyo mara ya kwanza umekufa kweli, na kwamba nimefanya hivyo mimi mwenyewe, kwa kukaa vizuri. Nilitaka kubana. Uongo sina. Kidole kilishaanza kupanda, nikakishika kwa mkono wa kulia kama mtu anavyomshika mtoto barabarani, nikakishikilia mpaka hamu ikapita.

Nisamehe kwa hilo, Papa. Nami nimekusamehe pike, na lile la wavivu, na kila Jumapili uliyotazama ukutani. Ulitupa chuma kwenye migomba ili nivuke salama, nikavuka. Sasa nataka kubaki na mkono. Kama kuna njia nyingine ya kunijia, iwe ni kwenye ndoto, au kwenye kicheko cha Maman akikutaja, njoo, sitafunga mlango. Ila kwenye maumivu usinitafute tena, maana hata ukiniita kutoka huko sitakuitikia.

Lala, Papa. Mkono wako uache wazi.

Mimi, mtoto wako wa pekee, uliyevuka naye daraja